DSLR au Kamera ya Mfukoni? Mwongozo kwa Anayepiga Picha za Shughuli za Nyumbani

Anayeingia dukani kutafuta kamera kwa kawaida huwekewa mezani vitu viwili visivyofanana hata kidogo: DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilishwa, nyeusi na yenye mkanda mnene wa shingoni, na kamera ndogo inayoenea kwenye mfuko wa shati. Muuzaji atasema kubwa ni ya kazi na ndogo ni ya matembezi, kisha ataanza kutaja megapikseli. Maelezo hayo hayamfikishi mnunuzi popote. Canon IXUS 185, ambayo ni ndogo, ina megapikseli 20 na Nikon D3500, ambayo ni DSLR, ina 24, lakini yeyote aliyewahi kuziweka kando kando picha za kamera hizo zilizopigwa usiku ndani ya ukumbi anajua kwamba tofauti anayoiona haitokani na hizo nne zilizozidi.

Mwongozo huu unamhusu mtu wa aina moja, nami sitajaribu kumridhisha kila mtu. Ni yule ambaye ndugu humtegemea kupiga picha za ubatizo, kipaimara, nikahi, send-off na mahafali, bila kuwa mpiga picha wa kulipwa. Shughuli hizo nyingi hufanyika ndani ya nyumba au ukumbi, mara nyingi jioni, chini ya taa zinazotosha macho lakini haziitoshi kamera. Kwa hiyo nimepanga machaguo manne kwa kipimo kimoja kikuu, yaani kiasi cha mwanga ambacho kamera na lenzi yake vinaweza kukusanya, na mambo mengine kama uzito, betri na video nimeyahesabu baada ya hapo.

Mwanga hukusanywa na vitu viwili, sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha, na tundu la lenzi. Sensa ya kamera ndogo za bei nafuu kama hizo IXUS ina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6 hivi, sawa na milimita za mraba 28. Ile inayoitwa sensa ya inchi moja, ambayo kwa kweli haifiki inchi kwa kuwa jina hilo limerithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani, ina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani milimita za mraba 116. Sensa ya Nikon D3500 ina milimita 23.5 kwa 15.6, jumla ya milimita za mraba 366, takriban mara kumi na tatu ya ile ya kwanza. Tundu la lenzi nalo huandikwa kwa herufi f, na kadiri namba inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka: lenzi ya f/1.8 hupitisha karibu mara kumi ya mwanga unaopita kwenye f/5.6.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. DSLR mpya huuzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ambayo tundu lake ni f/3.5 ikiwa haijavutwa na f/5.6 ikivutwa hadi mwisho. Canon G7 X Mark III, kamera ya gramu 304 inayokaa kiganjani, ina sensa ya inchi moja na lenzi ya f/1.8 hadi f/2.8. Sensa yake ni ndogo kwa zaidi ya mara tatu, lakini lenzi yake hupitisha mwanga mara nne ya ile ya DSLR pale ambapo bibi harusi anavutwa karibu, na karibu mara nne hata pale ambapo ukumbi mzima unaonekana. Aliyenunua kamera kubwa na kuibakiza na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi amejibebesha uzito, na usiku ukumbini hapati chochote kinachomzidi mwenye kamera ya mfukoni.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa bodi ya DSLR ya mtumba, yaani kamera bila lenzi, pamoja na lenzi moja isiyovuta (isiyo na zumu) yenye tundu la f/1.8. Bei za bodi hizi zimeshuka sana kwa sababu watengenezaji wenyewe wamehamia kamera zisizo na kioo. Canon na Nikon zilitoa DSLR zao mpya za mwisho mwaka 2020, na watu wanaohama huuza vifaa vyao vikiwa bado vizima. Upande wa Nikon, D3500 ya mwaka 2018 au D5600 ya mwaka 2016 zinatosha kabisa, na lenzi ya kutafuta ni AF-S DX 35mm f/1.8G. Upande wa Canon, 700D ya mwaka 2013 bado ni kamera nzuri, na mnunuzi asishangae kuikuta imeandikwa Rebel T5i au Kiss X7i, kwa maana ni kamera ile ile iliyouzwa Marekani na Japani kwa majina hayo. Lenzi yake ya bei nafuu ni EF 50mm f/1.8 STM, tamu kwa picha za uso, ila hubana sebuleni: ukitaka babu, bibi na wajukuu wote kwenye picha moja, mgongo wako utagota ukutani kabla hawajaenea.

Kuna mitego miwili inayostahili kusimuliwa kwa kirefu. Wa kwanza ni wa Nikon. Kaunta nyingi zina lenzi ya 50mm f/1.8D, yenye herufi D mwishoni, na huuzwa kwa bei ya kuvutia. Lenzi hiyo haina mota ndani yake na hutegemea mota ya bodi, ambayo D3500 na D5600 hazina, hivyo mwenye nayo atalenga kwa kuzungusha pete kwa mkono huku watoto wakikimbia mbele yake. Herufi za kutafuta ni AF-S mwanzoni na G mwishoni, au bodi ya D7100 na D7200 ambazo zina mota. Mtego wa pili ni wa Canon. Modeli za 2000D, 4000D na 250D ziliondolewa pini ya katikati kwenye kitako cha flashi, yaani pale juu ya kamera panapochomekwa flashi ya nje, na flashi za bei nafuu za kampuni nyingine hutegemea pini hiyo ili ziwake. Mtu hununua kamera mpya kabisa, akaazima flashi ya rafiki, akaichomeka, na isiwake. Kwa hilo pekee 700D ya mtumba huizidi 2000D mpya machoni pangu.

Flashi ya nje ndiyo sababu nyingine ya kuiweka DSLR mbele. Ikielekezwa darini, mwanga hurudi chini umetawanyika na nyuso hazing'ai kama zimepakwa mafuta. Ni kweli kwamba wapambaji wetu wakishafunika dari kwa vitambaa vya zambarau mwanga huo hurudi ukiwa wa zambarau, na mtu hulazimika kuigeuzia ukuta mweupe wa nyuma, lakini angalau ana pa kuigeuzia.

Lipo pia suala la ngozi na gauni. Kamera hukisia mwanga kwa kudhani kwamba wastani wa vyote vilivyo mbele yake ni kijivu. Ikiona gauni jeupe limejaa kwenye picha, hudhani kuna mwanga mwingi mno, hupunguza, na nyuso za maharusi weusi huzama gizani. Dawa ni kuongeza mwanga kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kwa kawaida nukta moja juu, lakini kwenye sensa ndogo ongezeko hilo huunguza gauni hadi nakshi zote zipotee. Sensa kubwa, hasa picha zikihifadhiwa katika faili la RAW, yaani data ghafi ya sensa, hubakiza vyote viwili: unaweza kuinua uso baadaye kwenye kompyuta na shanga za kifuani zikaendelea kuhesabika. IXUS za kawaida hazina RAW.

Nafasi ya pili ni ya kamera ya mfukoni yenye sensa ya inchi moja, nami nakiri kwamba kwa baadhi ya wasomaji ingestahili kuwa ya kwanza. Familia ya Sony RX100 ilianza mwaka 2012 kwa kamera ya gramu 240. Modeli ya III hadi ya V zina lenzi ya f/1.8 hadi f/2.8, na hizo ndizo za kutafuta. Ya VI na ya VII zina zumu ndefu zaidi inayofika milimita 200, lakini tundu lake huanzia f/2.8 na kuishia f/4.5, kwa hiyo namba kubwa zaidi kwenye jina haimaanishi ubora zaidi ukumbini. Kamera hizi hazisikiki, jambo ambalo msikitini wakati wa nikahi au kanisani wakati wa kiapo lina thamani kubwa kuliko wauzaji wanavyodhani, kwani kioo cha DSLR hupiga kishindo ambacho hata mchungaji hugeuka. RX100 huchajiwa kwa waya wa USB, hivyo umeme ukikatika pawabenki itaiokoa, wakati D3500 lazima betri yake itolewe na kuwekwa kwenye chaja. G7 X Mark III, kwa upande wake, ina tundu la maikrofoni kwa anayetaka kurekodi hotuba za wazee, kitu ambacho D3500 haina.

Udhaifu wa kwanza wa kamera hizi za mfukoni ni betri. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, G7 X Mark III hutoa picha 235 hivi kwa chaji moja, ilhali D3500 hutoa 1,550. Udhaifu wa pili ni kwamba G7 X na RX100 nilizozitaja hazina kitako cha flashi. Kiflashi kidogo cha RX100 kinaweza kushikiliwa kwa kidole kielekee darini, mbinu nzuri kwenye sebule yenye dari fupi, lakini kwenye ukumbi mkubwa ni sawa na kuwasha kibiriti uwanjani. Wa tatu ni mchanga. Lenzi inayotoka na kuingia ikimeza chembe za mchanga wa ufukweni hukwama, skrini huandika kosa la lenzi, na gharama ya kuifungua mara nyingi haitofautiani sana na kununua nyingine ya mtumba.

Nafasi ya tatu ni DSLR mpya na lenzi yake ya boksi, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Faida yake ni kwamba mlango wa kununua lenzi ya f/1.8 mwaka ujao unabaki wazi, na mchana uwanjani, kwenye mahafali, inafanya kazi bila tatizo.

Nafasi ya nne ni kamera ndogo yenye sensa ndogo, na sitaitetea sana. Simu nzuri ya kisasa huishinda gizani kwa sababu huunganisha picha kadhaa kuwa moja. Kinachobaki kwa kamera hii ni flashi ya kweli, isiyo taa ya LED, na zumu ya lenzi: IXUS 285 HS yenye gramu 147 huvuta mara 12, ingawa tundu lake likifika mwisho ni f/7.0 na humo ndani ya ukumbi haifai kitu. Mwenye simu nzuri aendelee na simu yake hadi fedha ifike nafasi ya pili.

Atauliza mtu kuhusu kamera zisizo na kioo kama Canon R50 ya mwaka 2023. Ni nzuri, na mwenye uwezo wa kununua bodi pamoja na lenzi ya pili yenye tundu pana aende huko moja kwa moja. Wengi ninaokutana nao humaliza fedha yote kwenye bodi na kubaki na lenzi ya boksi, na hapo wanarudi kwenye nafasi ya tatu kwa bei ya juu zaidi.

Kwa kuwa nafasi mbili za kwanza kwa kawaida zitanunuliwa mtumba, ukaguzi usifanywe mlangoni penye jua. Nenda na memori kadi yako. Iombe kamera, washa menyu na uhakikishe ina Kiingereza, kwani Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa na Kijapani pekee. Kwa DSLR, funga tundu hadi f/16, piga picha ya karatasi nyeupe au anga, kisha ivute uangalie: madoa meusi yasiyohama ni vumbi juu ya sensa, nalo husafishika, kwa hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei tu. Faili la picha la Nikon huandika idadi ya mibofyo ambayo shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa kila picha inapopigwa, imepiga, na shata za daraja hili hutarajiwa kufika 100,000 hivi. Canon nyingi haziandiki, kwa hiyo angalia ulivyosuguliwa mpira wa kushikia na herufi za vitufe. Toa betri uilaze mezani, ikiyumba imevimba.

Mwisho vua lenzi, fungua tundu lake lote, na umulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama kwa pembeni. Unatafuta nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, yaani kuvu, ambayo katika miji ya pwani hailengi lenzi mbovu pekee. Mimi nilipoteza lenzi ya milimita 50 kwa namna hiyo: niliifungia kwenye begi lake la kitambaa juu ya kabati, Tanga, mwanzoni mwa masika, na nilipoitoa miezi mitatu baadaye nyuzi zilikuwa zimeanzia ukingoni na kufika katikati ya kioo. Siku hizi vifaa vyangu hukaa kwenye kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, lile lenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na vipakiti vya silika jeli ninavyovikusanya kutoka kwenye maboksi ya viatu na kuvianika juani kila baada ya wiki chache.