Mboga za majani za kununua Dar: matembele kwanza, chainizi mwisho

Kwenye genge lolote la Dar, iwe Tandika, Mwananyamala au Tegeta, bei za mafungu ya mboga hazipishani sana. Kwa hiyo bei nimeiweka kando. Nimepanga kwa lishe inayobaki sahanini, dawa inayopulizwa bustanini, na namna mboga inavyostahimili joto kwa sisi tusio na friji.

1. Matembele

Sijaona mboga ya kuyapiku kwa matumizi ya kila siku. Kiazi kitamu asili yake ni Amerika, lakini leo Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazokilima kwa wingi zaidi Afrika, na marando yake hayana makuu: unachomeka, unamwagilia, unakata ncha, yanachipua tena. Wadudu wanayasumbua kidogo kuliko chainizi, hivyo mkulima hana sababu ya kupuliza kila mara. Ndani yake mna beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, pamoja na vitamini K na foleti ambayo mama mjamzito anaihitaji sana.

Chagua ncha changa. Kunja kikonyo: kikikatika mara moja, nunua; kikivutika na kuacha nyuzi, yamekomaa, yatakuwa magumu mdomoni. Yakinyauka kidogo, yachovye kwenye maji baridi, mara nyingi yatasimama tena.

2. Mchicha

Lishe yake haina mjadala: vitamini A, C, chuma. Unavunwa wiki tatu hadi nne tu baada ya kupandwa, ndiyo maana bustani za mjini zinautoa mwaka mzima. Ungeshika namba moja kama si mambo mawili. Kwanza, hunyauka haraka, kwa hiyo nunua asubuhi, au jioni ya kupikwa palepale.

La pili ni zito zaidi: maji ya kumwagilia. Bonde la Msimbazi hupokea majitaka ya viwandani na ya majumbani, na watafiti wamewahi kukuta madini mazito, risasi ikiwemo, kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya mto huo. Matope na vijidudu utaviondoa kwa kuosha vizuri na kupika. Risasi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haioshwi wala haichemki ikaisha. Muulize muuzaji: "Mama, mchicha huu umetoka bustani ya wapi, na wanamwagilia maji gani?" Si utovu wa adabu kuuliza. Anayemjua mkulima wake atakujibu, na huyo ndiye wa kwako, uwe mteja wake wa kudumu.

3. Kisamvu

Kwa protini kimezipita mboga nyingi za majani. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika kuanzia karne ya 16, na ukizoea nazi na karanga za kwetu huoni kama ni mgeni. Majani mabichi yana viambata vinavyotoa sianidi, ambayo ni sumu. Kutwanga huifungua, kisha huondoka na mvuke, kwa hiyo anza kuchemsha sufuria ikiwa wazi, na usikatishe mapema kwa kuogopa mkaa kwisha. Kama sokoni pana mashine, chagua majani na yasagwe mbele yako. Kilichosagwa tangu jana kikaanza harufu ya uchachu, kiache.

4. Majani ya kunde, mnafu, mlenda

Hizi ni za Afrika tangu enzi. Mnafu una uchungu wake, na wanaoupenda hawabadilishi. Mlenda huteremsha ugali bila shida. Ukizikuta mbichi, nunua, kwa sababu gengeni hazipo kila siku.

5. Sukuma wiki, kabichi, chainizi

Kalsiamu ya sukuma wiki na chainizi mwili huipata kwa urahisi kuliko ya mchicha. Kinachozishusha ni nondo na vidukari, ambao humlazimisha mkulima kupuliza mara kwa mara, pengine hadi karibu na siku ya kuvuna. Majani yasiyo na tundu hata moja yasikuvutie peke yake. Uliza yamepulizwa lini. Kabichi, nyingine ya kwetu ikitoka Lushoto, hukaa siku kadhaa bila friji. Bandua majani ya nje, utupe.

Ukifika jikoni, usipike mboga hizi kavu. Beta-karotini inahitaji mafuta ili iingie mwilini, na tui au karanga vinatosha. Kamulia ndimu sahanini, chuma kitafyonzwa vizuri zaidi, na chai ya rangi isubiri saa moja hivi baada ya mlo. Mwenye historia ya mawe kwenye figo apunguze mchicha kwa sababu ya oksaleti, kiambata kilichomo ndani yake kinachochangia mawe hayo, na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga anachokula kabla ya kuongea na daktari wake, kwani vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo.