Uzoefu wangu: msumeno wa mkanda wa inchi 14 baada ya kubadilishiwa vipuri

Msumeno wangu wa mkanda, yaani mashine ambayo bledi yake ni mkanda wa chuma unaozunguka kwenye magurudumu mawili, ulikuwa umechoka. Ulitikisika, ulikata ukienda kombo, na ukipasua ubao mpana bledi ilipinda katikati. Sikununua mashine mpya, nilibadilisha kipuri kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipoona kipi kina faida ya kweli.

Cha kwanza ni bledi, na hakuna kinachoikaribia. Kwa kupasua mbao nilifunga ya upana wa nusu inchi yenye meno 3 kwa kila inchi; kwa kukata kona natumia ya robo inchi yenye meno 6. Meno yakiwa machache, unga wa mbao unapata pa kukaa mpaka utoke chini ya ubao. Yakiwa mengi kwenye ubao mnene, nafasi zinajaa, bledi inapata moto na kuanza kutangatanga. Bledi mpya ilipasua mti mgumu wa inchi 5, na vipande vikatoka unene uleule juu hadi chini. Nilifurahi mno!

Mipira inayovishwa magurudumu yanayobeba bledi ilikuwa imekauka na kupasukapasuka, nikaweka ya poliyurethani. Kuivalisha kunahitaji nguvu: iloweke kwenye maji ya moto ilainike, ibane upande mmoja kwa klampu, kisha ivute kuzunguka gurudumu. Yangu imekaa bila gundi. Sasa nikisimamisha sarafu mezani kwa ukingo wake, mashine inazunguka na sarafu haianguki.

Springi ya kukazia bledi nayo ilikuwa imelegea, maana miaka yote iliachwa imekazwa hata mashine ikiwa imezimwa. Niliyoweka ni ngumu zaidi, na nikimaliza kazi nailegeza.

Beringi za kuongozea bledi zinasifiwa sana, ila kwangu zimesaidia zaidi kidogo tu kuliko vile vipande vya zamani vilivyokuwa vikiongoza bledi, na utomvu wa mbao unazigandia. Kinachozifanya zifae ni kuziseti vizuri. Acha nafasi ya unene wa karatasi kila upande. Ile ya nyuma isiguse bledi mpaka ubao uanze kuisukuma. Za pembeni ziishie nyuma kidogo ya mashimo yaliyo kati ya meno, kwa sababu zikigusa meno zinayaharibu mara moja. Na kabla ya kuingiza mkono humo ndani, chomoa waya wa umeme.

Bomba la inchi 4 la kuvutia vumbi nililipachika chini ya meza, na kifua changu kimeshukuru.

Kile kipande cha kuinua shingo ya mashine, kinachoongeza inchi 6 za kimo cha kukata, sijakinunua. Mota yangu ni ya robo tatu hospawa, na kwenye mti mgumu wa inchi 6 tayari inalemewa nikisukuma haraka. Kwanza nitabadilisha mota.