USMAP kwa fundi umeme wa jeshi la majini: ni bure, lakini angalia unasajili fani gani

Fundi umeme anayeshuka kwenye manowari ya Marekani huwa na ujuzi mwingi na karatasi chache. USMAP, mpango wa uanagenzi wa wanajeshi wa Marekani, imewekwa kuziba pengo hilo. Unafanya kazi yako ileile ya kila siku, unaandika saa zako, msimamizi anazithibitisha, na mwisho Wizara ya Kazi ya Marekani inakupa cheti cha kuhitimu uanagenzi. Hulipi hata senti. Fani zinazohesabiwa kwa saa hazina mtihani wa mwisho, na shule uliyopitia jeshini ndiyo inayosimama mahali pa masomo ya darasani.

Jiunge mapema, tena mapema sana. Ila cheti hiki si leseni, na wanaokilaumu wengi wao walidhani ni leseni.

Kosa la kwanza hufanyika siku ya kujisajili. Mwenye kazi ya Electrician's Mate, yaani fundi umeme wa meli, hukuta fani zaidi ya moja zinazomfaa: umeme wa meli na mashua, umeme wa matengenezo, na wale wa kikosi cha ujenzi, Seabees, huwa na umeme wa majengo. Zote ni saa 8,000, yaani miaka minne ya saa 2,000. Wengi huchagua ile ya meli kwa sababu jina lake linafanana na kazi yao. Cheti hicho kinapendwa kwenye viwanda vya kutengeneza meli, lakini ukikipeleka kwa mkandarasi wa majengo utaulizwa umewahi kupinda bomba la nyaya mara ngapi. Kwa anayetaka kiwanda, hospitali au kituo cha data, fani ya matengenezo ndiyo inayosomeka vizuri, ilimradi kazi unayofanya kweli inaendana nayo. Usisajili kitu usichokifanya. Msimamizi hataweza kukisaini, na akisaini, mahojiano ya kazi yatakuumbua.

Kosa la pili liko kwenye daftari la saa. Saa 8,000 hazihesabiwi kwa jumla tu, zimegawanywa kwa aina za kazi: mota na vidhibiti vyake, swichibodi, taa, vipimo na kadhalika. Kila fungu lina kiwango chake, na likijaa, saa za ziada za kazi hiyo hazikusogezi mbele. Fundi anayewekwa zamu ya swichibodi miezi minane mfululizo hujaza fungu moja na kuacha mengine tupu. Chapisha jedwali hilo, libandike kwenye mlango wa kabati lako, na uombe kuzungushwa: karakana ya mota kwa muda, kisha taa, kisha mifumo ya kengele. Mwenye miaka kazini tayari hupewa mkopo wa saa za nyuma, unaoweza kufika nusu ya jumla. Zaidi ya huo mkopo, kazi ya kabla ya kujisajili haiandikwi. Ndiyo maana anayengoja mwaka wake wa mwisho huondoka na daftari lisilokamilika.

Tuje kwenye kitu ambacho USMAP haifundishi na haijifanyi kufundisha, nacho ndicho kinachowaangusha watu nchi kavu. Umeme mkuu wa manowari ni volti 450, fezi tatu, hezi 60, na mfumo wenyewe haukuunganishwa na ardhi. Fezi moja ikigusa chuma, breka haikatiki. Taa za kuonyesha hitilafu kwenye swichibodi zinafifia upande mmoja, fundi anaanza kusaka, na meli inaendelea na safari. Hiyo ni busara ya vita, maana mzinga au pampu haitakiwi kuzimika kwa hitilafu moja. Kwenye jengo mantiki imegeuzwa: hitilafu ya kwanza lazima iangushe breka mara moja, na ili iangushe, nyutro (waya unaorudisha mkondo) na ethi (waya wa ardhi) hufungwa pamoja mahali pamoja tu, pale umeme unapoingilia. Anayetoka melini akifunga nyutro na ethi tena kwenye paneli ndogo ya ghorofani, sehemu ya mkondo wa nyutro itarudi kupitia mabomba na makabati ya chuma. Kila kitu kitawaka vizuri, na mtu atapigwa shoti akigusa sinki. Kifungu cha 250 cha NEC, kanuni ya umeme ya Marekani, kisome mara tatu kabla ya kingine chochote. Mafundi umeme wa ndege wana ugeni wao: wamezoea volti 115/200 za hezi 400.

Lingine ni mikono. Melini nyaya hulazwa kwenye vichanja; mjini unapinda bomba jembamba la chuma liitwalo EMT. Nunua kipindio cha nusu inchi na mabomba kumi ya kuharibu. Kwa nusu inchi, ukitaka kona ya kusimama, toa inchi 5 kwenye kipimo. Kwa robo tatu toa inchi 6. Bomba likikwepa kizuizi kwa mikunjo miwili ya digrii 30, kimo cha mkengeuko kizidishe kwa 2 upate umbali kati ya mikunjo; kwa digrii 45, kwa 1.4. Kati ya boksi na boksi mikunjo isizidi digrii 360 kwa jumla, la sivyo waya hautavutika. Halafu ujazo wa boksi: kila waya namba 12 unahitaji inchi za ujazo 2.25, namba 14 unahitaji 2. Hesabu ni nyepesi, lakini mitihani huipenda kuliko inavyostahili.

Leseni sasa. Marekani haina leseni moja ya nchi nzima. Texas inataka saa 8,000 chini ya fundi mkuu mwenye leseni, na inaruhusu kukaa mtihani ukifikisha 7,000. Sheria yake inaruhusu mafunzo na uzoefu wa jeshini kuhesabiwa, ila lazima uuthibitishe. Pennsylvania, Illinois na New York hazina leseni ya fundi umeme ya ngazi ya jimbo. Huko unafuata mji au kaunti. Hapa cheti cha USMAP ni ushahidi mzuri, lakini hakitoshi peke yake, kwa sababu bodi huuliza kazi zilisimamiwa na nani, na msimamizi wa jeshini kwa kawaida hana leseni ya kiraia. Kiambatanishe na barua ya kamanda inayotaja saa kwa aina ya kazi na volti zilizoguswa. "Alifanya kazi za umeme kwa bidii" ni sentensi isiyomsaidia mtu. Mtihani wenyewe unaruhusu kufungua kitabu cha NEC, na kinachowamaliza watu ni muda. Kanuni hutolewa upya kila miaka 3 na majimbo hayahami pamoja, kwa hiyo uliza jimbo lako linatumia toleo la mwaka gani kabla ya kununua.

Anayependa njia ya chama cha wafanyakazi, yaani uanagenzi wa IBEW (chama cha mafundi umeme) na NECA (umoja wa wakandarasi wa umeme), atakutana na jaribio la kuingia: maswali 33 ya aljebra kwa dakika 46, na 36 ya ufahamu kwa dakika 51. Alama ni 1 hadi 9, na 4 ndiyo inayokufikisha kwenye usaili. Cheti cha USMAP kinaweza kukuanzisha mwaka wa juu, lakini kamati ya eneo ndiyo inayoamua, na kamati hazifanani. Peleka daftari lote la saa, usipeleke cheti kitupu. Helmets to Hardhats, iliyoanza mwaka 2003, huunganisha wanajeshi na uanagenzi wa vyama vya ujenzi bila malipo. Ni dalali mwaminifu, basi.

Ukiingia kwenye uanagenzi ulioidhinishwa, GI Bill ya baada ya 9/11, yaani mafao ya masomo ya wanajeshi, hulipa posho ya makazi juu ya mshahara: asilimia 100 miezi 6 ya kwanza, kisha 80, 60, 40, halafu 20 hadi mwisho. Saa huthibitishwa kila mwezi, na mwezi wenye saa chini ya 120 posho hupungua. Majira ya baridi, kazi zikisimama, hapo ndipo bajeti za watu huvunjika. Ada ya mtihani wa leseni pia hulipwa, hadi dola 2,000 kwa mtihani, lakini hukatwa kwenye miezi yako ya mafao. Mtihani wa bei ndogo lipa mfukoni.

Kwa anayewaza kurudi nyumbani: cheti hiki hakikupi leseni ya EPRA Kenya wala ya EWURA Tanzania, wadhibiti wa nishati wa nchi hizo. Huko ni hezi 50 na rangi nyingine za nyaya, na maombi yanaanza upya.

Lililobaki ni kukusanya karatasi ukiwa bado ndani. Saini za saa zipate kabla msimamizi hajahamishwa, maana kumsaka mtu aliyeshahamia Yokosuka, kambi ya Japani, ni kazi ya miezi. Pakua VMET, fomu DD 2586 inayoorodhesha uzoefu na mafunzo yako, na JST, nakala ya masomo ya jeshini. Kabla ya kusaini DD 214, hati ya kuachia jeshi, soma kisanduku cha 14, kinachoorodhesha kozi za kijeshi, ulinganishe na vyeti ulivyonavyo. Kozi ikiachwa, marekebisho huja baadaye kwa fomu DD 215, na bodi ya leseni haitakusubiri.