Korongo Mzuri, Faili ya Aibu

Tulitaka kitu kimoja cha kuchekesha kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya chuo msimu wa mahafali: korongo wa Mombasa Road amevaa joho, macho yakifuata kishale cha kipanya kila kinapopita. Ofisi fulani ya wabunifu hapa Nairobi ikachukua kazi, ikachukua na nusu ya pesa. Baada ya wiki kadhaa faili ikaja. Nawapa nyota mbili. Moja ni ya mchoro, ya pili nitaieleza nikitulia.

Faili inaishia na .svg, kwa hivyo unatarajia vekta, yaani mchoro wa mistari unaokuzwa bila kuharibika. MB 6! Vekta ya mchoro kama huu, wenye rangi chache, hata KB 60 haistahili kuvuka. Nikaifungua kwa programu ya maandishi. Mahali pa mistari ya mdomo, jicho na kofia nikakuta data:image/png;base64 halafu herufi zisizo na mwisho. Yaani ni PNG ya kawaida, picha ya pikseli, iliyovalishwa ganda la SVG. Na base64, ile njia ya kuigeuza picha kuwa herufi, huongeza uzito kwa theluthi moja, ndiyo maana picha ya MB 4.5 imefika 6. Ukiikuza, kofia inakuwa vigae vigae. Jicho halichezi kwa sababu hakuna jicho, ni doa tu ambalo JavaScript, lugha ya skripti za ukurasa, haina pa kulishika.

Nikapiga simu. "Boss, kwangu inafunguka fasta. Labda ni bando yako."

Bando yangu! Anayefungua tovuti ya chuo ni mwanafunzi aliye kwenye matatu Thika Road, bando ya shilingi 20, kioo cha upana wa pikseli 360. Atashuka Githurai kabla mdomo wa korongo haujatokea.

Haki yao niwape: aliyechora anajua kuchora. Ile shingo yenye upara, kifuko kikining'inia juu ya kola ya joho, nilicheka peke yangu.

Na marekebisho si ya wiki nzima. Chora upya kwa kalamu ya vekta. Usibonyeze kitufe cha kufuatisha picha, kitakujazia maelfu ya nukta. Kila jicho liwe kundi lake lenye id, jina ambalo skripti italiita. Acha viewBox, ile fremu inayouwezesha mchoro kujipanua, ondoa vipimo vya upana na urefu vilivyokazwa, kisha pitisha SVGO, programu ya kupunguza uzito wa SVG, ila uzime usafishaji wa id, la sivyo inafuta majina ya macho. Msimbo wa SVG ukae ndani ya HTML ya ukurasa yenyewe. Ukiuita kwa tagi ya img, skripti ya ukurasa haifiki ndani. Simu haina kishale, basi macho yapepese kwa mguso, yatulie. Mwendo unaojianzisha ukipita sekunde 5, WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, inadai pawe na njia ya kuusimamisha.

Niliwaandikia haya yote. Jana wametuma faili mpya, "HD kabisa, boss". MB 9.

Ile nyota ya pili naiondoa.