Kiolezo cha kitabu cha rubani kwa ndege ya kujiundia: sehemu ya 5 imeniudhi

Habari za Arusha, habari za Moshi, na nyie mnaotazama huku mmeshika riveti, karibuni. Leo mezani kuna hiki: kiolezo cha kitabu cha rubani. Unachapa kwa A5, unajaza namba za ndege uliyoiunda mwenyewe. Sehemu zimefuata mpangilio wa GAMA, chama cha watengenezaji wa ndege ndogo, wa 1975, ule ule mnaoujua kwenye Cessna, kwa hiyo sizihesabu. Twende moja kwa moja sehemu ya 5, uwezo wa ndege, maana hapo ndipo nimechefukwa.

Sogeza kamera. Mmeona? "Umbali wa kuruka: mita 200." Yaani urefu wa njia mpaka ndege ipae, na imeshajazwa! Imepimwa na nani, kwa uzito gani? Hiyo ni namba ya usawa wa bahari, nyuzi 15, lami kavu. Sisi huku bahari tunaifuata Tanga, jamani.

Tuhesabu hewa yetu ni nyepesi kiasi gani, kwa futi za mwinuko. Chukua altimita, kile kipima mwinuko, zungusha kidirisha cha mgandamizo mpaka hektopaskali 1013, usome. Uwanja wa Arusha uko kama futi 4,550 juu ya bahari. Tuseme leo inasoma 4,500. Hewa ya kawaida kwenye mwinuko huo ingekuwa nyuzi 6, kwa sababu inapoa nyuzi 2 kila futi 1,000. Kipimajoto cha kivulini saa nane mchana kinasema 28. Zimezidi 22. Kila nyuzi moja iliyozidi inaongeza futi 120: 22 mara 120 ni 2,640. Jumlisha na 4,500, unapata futi 7,140. Ndege yako imesimama chini Kisongo, hapo hapo uwanjani, lakini bawa, propela na injini vinafanya kazi kana kwamba viko juu kiasi hicho.

Sasa ile mita 200. Kanuni ya mamlaka ya anga ya Uingereza kwa ndege ndogo: ongeza asilimia 10 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, na asilimia 10 kwa kila nyuzi 10 za joto. Asilimia zinazidishana, hazijumlishwi: mwinuko peke yake unatupa 307. Weka zile nyuzi 22 za joto, 378. Nyasi kavu fupi ni asilimia 20 zaidi, 454. Halafu unazidisha kwa 1.33 ya usalama. Kikokotoo hiki hapa, soma mwenyewe: 604. Mara tatu! Na anayejaza kitabu kwa kunakili angeamini 200, akapakia abiria na tenki kamili.

Kwa hiyo futa. Tafuta bendera, zipange kila mita 50 pembeni ya njia, msaidizi arekodi video akiwa ubavuni, siyo nyuma. Ruka mara tatu kila upande, ili upepo ujifute wenyewe, kwanza ukiwa mwepesi, halafu kwa uzito wa juu kabisa ukiwa na mifuko ya mchanga iliyofungwa vizuri. Iliyofungwa! Mfuko ukirudi nyuma, kitovu cha uzito kinarudi nao. Andika joto na altimita kila mara, la sivyo hiyo namba haina kazi. Jedwali liwe na mistari ya Moshi, kama futi 2,800, na ya Arusha. Kinachopimwa ni mahali tairi zilipoachana na ardhi, na pale ulipofikia futi 50.

Kuna wanaosema kitabu cha nini, kila kitu kipo kwenye tableti. Tableti kwenye jua la saa nane hujizima kwa joto. Endelea.

Nikubali moja: kurasa za dharura ni nzuri. Ukingo mwekundu, herufi kubwa, hatua fupi. Unaweza kuzisoma huku ndege inatikisika. Lakini sehemu ya 4, taratibu za kawaida, wameharibu tena: "Mikscha iwe tajiri kabisa kabla ya kuruka." Mikscha ni mchanganyiko wa petroli na hewa, tajiri ni petroli nyingi. Kwa injini ya Lycoming, kwenye hewa ya futi 7,000, hapo injini imeshiba petroli kupita kiasi, inatoa nguvu pungufu, unapunguza petroli mpaka izunguke laini. Na ukiwa na injini ya Rotax 912 ya kabureta, hiyo lever hata haipo, kabureta inajirekebisha. Hatua isiyo na kifaa chake ikatwe. Mipaka ya injini nayo iwe ya injini yako: Rotax 912 ULS ni mizunguko 5,800 kwa dakika, tena kwa muda wa dakika 5 tu, halafu 5,500.

Bei? Faili ni bure, kuchapa ndiyo gharama, na stationery za mjini zinatofautiana. Sema unataka karatasi nene na spirali ya plastiki, ukurasa ulale wazi kwenye paja. Lamineshi iwe ya kurasa za dharura tu.

Wiki ijayo tunapima uzito, mizani tatu na ndege iliyosawazishwa, bonyeza kengele. Kabla ya hapo fungua ukurasa wa marekebisho, ule ambao wengi wanauacha mweupe. Ukibadilisha propela au ukihamisha betri, pima uzito upya, piga mstari mmoja kwenye namba ya zamani ili bado isomeke, andika tarehe na saini.