Kula kwa mama lishe Mtwara: uzoefu wangu wa muhula mzima

Nimekula kwa mama lishe mmoja hapa Mtwara mjini muhula mzima, na ninawaandikia hasa wanaokuja kuanza chuo bila kuujua mji. Kwa mwanafunzi mwenye hela ya kubana, sijaona chakula cha nje kinachoishinda sahani ya mama lishe, mradi umchague kwa macho yako mwenyewe. Vibanda vya chipsi nimeviacha kabisa.

Banda lenyewe liko maeneo ya Ligula. Mabati, mabenchi marefu, jiko la mkaa na kuni nyuma. Sahani ni shilingi 2,000. Ukilipia wiki nzima mbele anakuandika kwenye daftari na kila sahani inashuka hadi 1,500, kwa hiyo mchana na usiku unatumia 3,000. Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) la 10,000 kwa siku linatakiwa litoshe chakula, nauli, bando na kutoa kopi, hivyo hiyo mia tano inayobaki kila mlo unaiona kabisa mwisho wa mwezi.

Kwa bei hiyo unapata ugali wa dona au wali, maharage au mbaazi za nazi, mboga za majani, na dagaa au kipande cha samaki kutegemea bahari imetoa nini. Dona ndiyo iliyonifanya nibaki. Mahindi yanasagwa na pumba na kiini chake, kwa hiyo nyuzinyuzi zinabaki na njaa hairudi upesi. Nikila ugali wake saa saba, kipindi cha saa kumi nakaa nimetulia.

Kisamvu chake kinastahili maneno zaidi. Anatwanga majani kinuni asubuhi, anayachemsha muda mrefu, na hana haraka. Ana sababu: majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi, na kutwanga pamoja na kuchemsha sana ndiko kunakoiondoa. Baada ya hapo anatia karanga za kusaga, kisha tui, na anaacha moto mdogo mpaka mafuta ya nazi yaelee juu na mboga iwe nzito kiasi cha kushika tonge. Kuna siku nilikuwa nakula wali na maharage tu, akaniambia, "Mwanangu, wewe unasoma, majani usiyaache." Kuanzia siku hiyo ananipakulia mboga kwanza, wali baadaye.

Sasa chipsi. Kuna kibanda ambacho nilikuwa mteja wake wa usiku. Chipsi mayai 3,000, soda 1,000, jumla 4,000 kwa mlo mmoja usio na jani hata moja. Mafuta ya kukaangia hayamwagwi, yanaongezewa tu juu ya yale ya jana, mpaka yanakuwa meusi, yanatoa povu na chipsi inakuwa na uchungu mdomoni. Nilimwambia muuzaji kwa adabu, akanijibu kuwa wateja wengine hawajalalamika. Na soda nayo tuizungumze: chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari takribani gramu 37, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Chupa moja tu imeshakuvusha hiyo 25. Maji ya chupa bei yake ni chini ya soda, na kwa mama lishe ya kunywa yaliyochemshwa ni bure.

Kwa vitafunwa vya kati ya vipindi, hapa kusini tumebarikiwa na tunajisahau tukikimbilia biskuti na pipi. Kiangazi tafuta ming'oko. Ni mizizi ya porini, akina mama wanaichimba, wanaichemsha na kuipanga mafungu kwenye beseni. Unamenya kwa vidole, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Fungu la mia tano linatosha kukufikisha mchana, na halijaguswa na mafuta.

Korosho ndizo ninazobeba kwenye begi karibu kila siku. Ushauri wangu kwa mwanafunzi: usinunue nzima, nunua vipande. Korosho ikivunjika wakati wa kubangua inashushwa bei, lakini lishe ni ileile: gramu 100 zina protini kama gramu 18 na mafuta kama gramu 44. Kwa sababu ya mafuta hayo mengi, kiganja kimoja cha mkono kinatosha. Nuseni kabla ya kulipa. Zikiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, acheni. Mdogo wangu wa sekondari namfungia vipande hivyo na ndizi mbili, na hela ya maandazi ya mapumziko anarudi nayo nyumbani. Msimu wa korosho ukifika kula na mabibo pia, yale matunda yanayoshika korosho. Yanakaba koo kidogo na maji yake hayatoki kwenye shati jeupe, lakini vitamini C yake inazidi ya chungwa mara kadhaa. Watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho hapa hapa kwetu, wamekuwa wakifundisha watu kuyatengeneza juisi na jemu, na ningefurahi sana kuona juisi hiyo kwenye maduka ya vyuo badala ya soda.

Nirudi kwa mama lishe, maana naye ana upungufu. Matunda hana. Chumvi anatia kwa mkono mzito, kwa hiyo ile ya mezani usiiguse. Saa saba na nusu foleni ni ndefu na samaki wanakuwa wameisha. Fika saa sita na nusu. Sabuni ya kunawia kuna siku inakosekana, na hilo nimemwambia. Alinisikiliza, siku hizi ipo mara nyingi.

Wewe ukitafuta wako, pita saa tano wakati bado wanapika. Angalia kama sufuria zimefunikwa, kama ndoo ya kunawia ina koki, na kama maji ya kuoshea sahani yanabadilishwa. Omba kuona mboga ya siku kabla hujalipia wiki.

Ramadhani banda hufungwa mchana. Jioni anapika futari: mihogo ya nazi, magimbi, tambi na uji wa pilipili manga. Ambaye hafungi ajipange chakula cha mchana mapema, na hela ya wiki iliyokwisha kulipwa mama anaihamishia kwenye futari bila ubishi.