Muvi za mapenzi za vijana: kabla ya kulipa, uliza mkosaji anaombaje msamaha

Likizo ya Juni mabinti wawili wa kaka yangu walikuja Dar kutoka Tanga, mmoja ana miaka 14, mwingine 16. Waliniambia mapema kwamba hawataki katuni wala muvi za ngumi. "Shangazi, tunataka za mapenzi, za shule, za kufurahisha. Zisiwe za kulia." Nikachukua flash ya GB 32, nikaenda kibanda cha muvi kilicho karibu na stendi, nikamweleza muuzaji neno kwa neno kama nilivyoagizwa. Akasema, "Dada, umefika." Muvi 20 kwa shilingi 500 kila moja, elfu kumi yangu ikatoka.

Jioni tukakaanga bisi sufuria zima, tukazima taa ya sebuleni. Faili la kwanza limeandikwa MAPENZI SHULENI 1. Kufungua, kumbe ni Sierra Burgess Is a Loser ya Netflix, ya mwaka 2018. Sierra anachati na kijana aitwaye Jamey, na Jamey anaamini anachati na Veronica, mrembo wa shule. Sierra anauendeleza uongo. Wakikutana ana kwa ana anajifanya kiziwi, na mdogo wake Jamey ni kiziwi kweli. Anambusu kijana wa watu aliyefumba macho akidhani anabusiwa na mwingine. Akipandwa na hasira anamwaibisha Veronica mtandaoni. Halafu anatunga wimbo, wimbo unamfikia Jamey, Jamey anakuja kumchukua waende dansi ya shule, imeisha.

Mdogo alikuwa na bisi kiganjani, hajazitia mdomoni. "Shangazi, wimbo wote anajililia yeye mwenyewe. Jamey kaombwa msamaha saa ngapi?" Tukarudisha nyuma dakika kumi, tukasikiliza tena. Kweli, wimbo unazungumzia uchungu wa Sierra wa kutojiona mzuri. Ni uchungu wa kweli na mimi nauheshimu. Lakini aliyedanganywa muda wote ule hayumo ndani ya ule wimbo.

Tangu usiku ule nachagua muvi hizi kwa kipimo kimoja. Uzuri wa waigizaji utauona kwenye posta, nyimbo utazisikia, na kama kuna kubusiana kupita kiasi utauliza mwenyewe. Kitu ambacho hakuna anayekuambia ni namna mkosaji anavyoomba msamaha. Karibu muvi zote za aina hii zimejengwa juu ya kosa: dau, uongo, kuficha jina, kumkana mtu mbele ya marafiki. Kosa linafumuka zikiwa zimebaki dakika ishirini hivi, na hapo ndipo binti aliyekaa kwenye mkeka wako anajifunza nini cha kutarajia kwa mtu atakayemwambia anampenda. Sisi tumelelewa kwamba ukikosa unatanguliza mtu mzima, unakaa chini, unalitaja kosa lako kwa jina lake, halafu unanyamaza umsubiri mwenzio aamue. Muvi ya dakika mia moja haishindwi kufanya hivyo.

Niseme wazi pia kwamba mimi ni mtu wa Disney. Sifichi na sitaki kubembelezwa nibadilike. Nimetazama za kampuni nyingi, na kwenye jambo hili la msamaha nyumba ile imenitendea haki kuliko wengine.

Ya kwanza kabisa, basi, ni The Princess Diaries ya mwaka 2001. Najua kuna atakayesema hiyo ni muvi ya bibi na mjukuu, mapenzi ni ya pembeni. Sikubali. Mia, aliyechezwa na Anne Hathaway, ni msichana wa San Francisco mwenye nywele zilizotimka, anaambiwa ghafla na bibi yake, Julie Andrews, kwamba yeye ni binti wa kifalme wa nchi iitwayo Genovia. Jina likishakuwa kubwa, kijana maarufu wa shule anamwalika kwenye sherehe ya ufukweni. Mia anamtupa Michael, kijana fundi anayemtengenezea gari lake na ambaye alikuwa ameahidiana naye siku ileile. Anamtupa na rafiki yake Lilly aliyekuwa akimsubiri kwenye kipindi chake cha televisheni. Ufukweni anaaibika. Akirudi anaanza kuwafuata mmoja mmoja.

Michael anamkatalia. Hapo ndipo ninapoipenda muvi hii, kwa sababu anaruhusiwa kukataa, na Mia halii wala halazimishi. Anamtumia piza, na juu ya piza, kwa zile chokoleti ndogo za rangirangi, ameandika neno moja tu: samahani. Hakuna maelezo ya kwa nini alichanganyikiwa, hakuna historia ya maisha yake magumu. Neno limekaa juu ya jibini, kisha kijana anaachwa na piza yake aamue. Mkubwa wangu alisimamisha muvi pale ili aisome vizuri. Na aliyekosa ni msichana! Mabinti nao wanahitaji kuona kwamba kuomba msamaha hakumpunguzii mtu hadhi, hata awe na taji kichwani.

Ya pili ni High School Musical, ile ya kwanza, ya Januari 2006. Troy, nahodha wa mpira wa kikapu, na Gabriella, binti wa hesabu, wanataka kuimba pamoja kwenye mchezo wa kuigiza wa shule, na marafiki wa pande zote mbili hawataki. Wanamtega Troy hadi anasema Gabriella si kitu kwake, huku Gabriella akimwona na kumsikia kwenye kompyuta. Wale marafiki wanakwenda wenyewe kukiri walichofanya, jambo ambalo muvi nyingi zinalisahau kabisa. Troy anakwenda mpaka nyumbani kwao, mama mtu anamwambia binti ana shughuli, naye anapanda hadi kwenye roshani yake kusema kwamba yale maneno hayakuwa ya moyoni. Anaimba, ndiyo, lakini amesema kwanza. Mzazi mwenye wasiwasi ajue pia kwamba katika sehemu hii ya kwanza Troy na Gabriella hawabusiani hata mara moja.

Ya tatu, nje ya Disney: A Cinderella Story ya mwaka 2004. Hilary Duff ni Sam, anafanya kazi kwenye mgahawa uliokuwa wa marehemu baba yake, anasumbuliwa na mama wa kambo, anachati na kijana asiyemjua. Badala ya kiatu cha Cinderella wa kwenye hadithi, anadondosha simu. Kosa la Austin, ndiye kijana huyo wa kuchati, ni la kimya: shule nzima inamcheka Sam, kijana amekaa tu. Kosa hilo ni kubwa kuliko tunavyolipa uzito, kwa sababu kila binti amewahi kuchekwa mbele ya mtu aliyedhani atamtetea. Sam anamfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anamwambia kwamba kumsubiri yeye ni kama kusubiri mvua wakati wa ukame. Baadaye Austin anaacha mechi ikiwa dakika za mwisho, anapanda jukwaani kwa watazamaji, na anaomba msamaha kwa kuitaja mvua ileile. Maana yake alisikia alichoambiwa. Na mvua inanyesha. Alikosa mbele ya watu, akasahihisha mbele ya watu, na ningeiweka juu zaidi kama yule mama wa kambo asingekuwa na kelele kiasi kile.

10 Things I Hate About You ya mwaka 1999 naiweka ya nne, ingawa ni ya nyumba yangu na ingawa naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Imetokana na tamthilia ya Shakespeare ikahamishiwa shule ya sekondari Seattle. Patrick, yaani marehemu Heath Ledger, analipwa pesa amtoe matembezini msichana aitwaye Kat. Anampenda kweli, pesa zinajulikana, Kat anaumia. Kisha Kat anakuta gitaa ndani ya gari lake, limenunuliwa kwa pesa zilezile. Nimelifikiria gitaa lile siku nyingi. Patrick anakubali kwamba aliharibu, hilo nampa. Lakini zawadi imetangulia neno, na Kat mwenyewe anamwambia hawezi kumnunulia gitaa kila akikosea. Sentensi ile ya Kat ndiyo iliyoiokoa muvi kwenye orodha hii. Ni ya miaka 16 kwenda juu, kuna lugha na pombe.

To All the Boys I've Loved Before, ya Netflix, ilitoka Agosti 2018 kutokana na riwaya ya Jenny Han, na ndiyo wasichana wengi watakayokuomba. Lara Jean ameandika barua tano za mapenzi asizokusudia kuzituma, zinatumwa. Ni tamu, nyumba yao ina upendo, na baba yao ananifurahisha kila anapotokea. Peter, mmoja wa walioandikiwa barua hizo, anasimama koridoni shuleni na kuwatangazia wote kwamba yale wanayoyasema juu ya Lara Jean si kweli, na atakayeendelea atakiona. Huko ni kumtetea, na nampongeza. Kumwomba msamaha yeye mwenyewe, kwa kuuacha uvumi ukue, ni jambo jingine na sikuliona likipewa muda. Kwa hiyo ya tano. Waliotegemea iwe ya kwanza wataniwia radhi.

The Kissing Booth, ya Netflix pia, ya mwaka huohuo, sipendekezi. Sehemu yake ilipigwa Cape Town, mandhari ni mazuri, lakini kijana anatisha wenzake wasimkaribie binti, na muvi inataka tuuite huo wivu wa mapenzi.

Sasa wapi pa kuzipata, na hapa nina dukuduku. Kwenye flash ile, MAPENZI SHULENI 2 ilikuwa Sierra Burgess ileile, safari hii imetafsiriwa. Nimelipia muvi moja mara mbili. MAPENZI SHULENI 5 ilikatika steringi akiwa bado analia. Na ile ya barua tano nayo ilikuwa ya kutafsiriwa: Peter anafungua mdomo pale koridoni, na mtafsiri anaanza kutuhadithia habari za mpangaji anayedaiwa kodi. Watafsiri wana kipaji, muvi za ngumi bila wao hazinogi. Lakini wakifika kwenye msamaha wanaona pamepoa, wanajaza vichekesho, na kile ulichokifuata kinafunikwa. Nilirudi kibandani kesho yake. "Dada, kwa mia tano unataka na mwisho?" Nilimjibu ndiyo, nataka na mwisho, nimelipia na mwisho. Elfu kumi ni mchele wa siku kadhaa nyumbani kwangu. Muuzaji anayebadili jina la muvi ili aiuze mara ya pili ameniibia, haijalishi bei ni ndogo kiasi gani, na yeye mwenyewe anauza kazi ya watu ambao hajawalipa.

Ukiweza, lipia Netflix mwezi mmoja wa likizo, kisha usitishe. Mnaotumia bando, kuangalia kwa ubora wa kawaida kunakula karibu GB 1 kwa saa, na ubora wa juu unafika GB 3. Ingia kwenye mipangilio ya Netflix yenyewe kwenye simu uchague kuokoa data, GB 1 itakufikisha saa sita hivi. Bora zaidi, pakua zilizomo humo mahali penye intaneti ya bure.

Ndugu aliyeko Marekani akikuletea DVD halisi za Disney, shukuru, lakini angalia namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, iliyochapwa nyuma ya kasha. Za Marekani ni kanda 1, sisi tuko kanda 5, na deki nyingi zitaikataa. Ya kwangu iliikataa The Princess Diaries mbele ya wageni. Nunua deki inayosoma kanda zote, na kabla hujalipa mwambie muuzaji aijaribu kwa diski yako wewe.

Za bure za YouTube, zile za vipande vipande, zinaishia kabla ya msamaha. Ziache.

Mabinti wanarudi Desemba. Mkubwa ameshanitumia ujumbe: tuanze na ya piza.